Meno Yangu na Kamati ya Mbwa Wako

Shemeji Wakesho,

Mbwa wako wako hai wote sita, na nimewaokoa mimi. Peke yangu. Kwa akili yangu na kwa mikono yangu hii, bila msaada wa jirani, wa chifu wala wa kanisa. Ningekuwa kijana ningechongewa sanamu pale stendi ya Voi, nimeshika kamba, mbwa wamenizunguka, na abiria wa Mombasa wangekuwa wanaulizana yule shujaa ni nani.

Najua unavyokaa ukisikia mtu anajisifu. Unaweka mikono kiunoni, unainamisha kichwa upande, unangoja. Haya basi. Si peke yangu. Na akili haikuwa yangu. Na mikono, kusema kweli, muda mwingi ilikuwa inapangusa kidevu. Lakini hiyo ya kuwa hai ni kweli, wote sita, na nilitaka uijue kwanza kabla hujaanza kunikatiza. Vuta pumzi huko uliko. Mimi huku nimeshaivuta, na ni tamu.

Herufi zangu unazijua, zimelala kama mahindi yaliyopitiwa na ndovu. Mimi niliachia shule darasa la nne, wewe ukafika la saba, na hilo ukanikumbusha tangu siku niliyokuja kumposa dada yako. Kwa hivyo ukiona mahali nimekosea, soma na unyamaze. Shemeji na shemeji wana ruhusa ya kutaniana mpaka kaburini, na mimi nikitazama hili kaburi lako hapa mbele yangu naona halijafika urefu wa kunizuia.

Nianze na ile asubuhi, maana hakuna mwingine wa kukusimulia sawasawa. Msemaji alibweka. Hilo si jambo, Msemaji hubwekea hata kivuli cha kunguru. Lakini siku hiyo hakupumzika hata kumeza mate, na mimi nilikuwa sijaongea nawe tangu ile habari ya meno. Nilikuwa nimeapa sitakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Sasa nikaona hapa nimepata sababu halali. Nikatengeneza tusi zuri, Shemeji. Tusi la kiungwana, lina mwanzo na mwisho, linagusa mbwa, linagusa mwenye mbwa, linagusa wapishi wa shule waliostaafu wakaanza kuwapikia majambazi. Nikavuka ua nikilirudia moyoni nisilisahau. Nikakukuta umekaa kwenye kigoda kando ya jiko, umeegemea ukuta, sufuria ya mbwa bado inafuka. Nikalisema. Lote. Nililimaliza kabla sijaelewa.

Basi. Hilo nimeliandika. Naendelea.

Daktari alisema ni presha. Tulikuzika hapa nyuma ya jiko lako kama ulivyotaka, kando ya mume wako. Watu walikula vizuri, usiwe na wasiwasi, kimanga kiliisha na wengine wakafunga cha kwenda nacho. Mbwa wako hawakula. Mwenyekiti alikuja kulala juu ya udongo mbichi, na lile jicho lake moja akalielekeza kwenye mlango wa jiko. Wengine wakamfuata. Wakapangana pale kama walivyokuwa wakipangana ukiwa unapika, kila mmoja mahali pake, ndiyo maana wewe uliwaita kamati. Siku ya kwanza uliponiambia majina nilidhani jua limekupiga. Yule mzee uliyemkusanya kutoka lami, lori limemvunja, ukamsukuma na wilibaro mpaka nyumbani: Mwenyekiti. Yule mwenye sikio lililopasuka, aliyetupwa kutoka kwenye gari ndani ya gunia: Katibu. Yule mweusi wa kutoka shamba la mkonge, anayefukia kila mfupa: Mweka Hazina. Msemaji hahitaji maelezo. Na wale wadogo wawili uliowatoa kwenye kalvati mvua ilipojaa, ukasema hawajafika umri wa cheo, ni wanachama wa kawaida.

Nilianza kuwarushia ugali juu ya ua. Usichukulie kama upendo. Wangelia, nisingelala. Kisha nikaona kurusha kunamwaga, nikawa napeleka. Kisha nikaona ugali mtupu hawali, nikaenda kwa Mutua wa bucha kuomba mifupa, na Mutua akaniangalia kutoka juu hadi chini akasema kwa kile Kiswahili chake cha Ukambani, "Mzee, wewe ndio ulisema hawa mbwa wanyongwe?" Nikamwambia nilisema. Nikamwambia anipe na ule wa goti.

Sasa niirudie ile habari ya meno, maana wewe ulikuwa unaieneza vibaya.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwangu kwa heshima zangu. Nilikuwa nimetoa yale meno ya juu, yale ambayo mwanangu alinipeleka mpaka Mombasa nikapimwa mdomo kama ng'ombe wa mnada. Nimeyaosha, nimeyaweka juu ya jiwe yakauke. Katibu akapita. Nikamwona anapita. Sikujua mbwa anaweza kutamani kucheka. Akayachukua, akavuka ua, akaja akaketi mbele yako, meno yangu mdomoni mwake, yamekaa sawasawa, ufizi wa pinki na yote. Wewe ulikuwa unapepeta mahindi. Ungo ukaenda huku, mahindi yakaenda kule, ukajilaza chini kabisa kwenye vumbi, mtu mzima, bibi wa watu, ukirusha miguu. Nikafika nakimbia nimeziba mdomo kwa kofia. Ukaninyooshea kidole ukasema, "Amependeza kuliko wewe!" Na Katibu, kusikia kelele, akatafuna. Nilisikia yakivunjika. Nikasema, "Sema pole." Lilitoka kama upepo, sina meno. Ukazidi.

Ukasema, "Nitasema pole nikimaliza kucheka, Mwadime."

Nikarudi kwangu kungoja. Hukumaliza. Kila nikikaa barazani jioni nakusikia upande wa pili wa ua uko peke yako na mbwa wako, umetulia, mara unakumbuka, unaanza tena. Na mimi kila ukianza nazidi kununa. Mama Righa akaja kutupatanisha na ndizi zake, nikala ndizi, kupatana nikakataa. Nilitaka pole yangu. Ndivyo tulivyokuwa tulipoachana, mimi upande huu nimefunga mdomo, na wewe upande ule umeufungua wote.

Haya. Sasa sikia yaliyotupata.

Alitokea mbwa upande wa mkonge, si wako, hakuna anayemjua, mate yanamtoka na miguu inakwenda kombo. Alimuuma mbuzi wa Mama Righa akapotea. Baadaye mbuzi akaanza kugonga ukuta kwa kichwa, akatoa povu, akafa. Kichaa cha mbwa. Usimcheke Mama Righa, alikuwa mbuzi wa maziwa, na alilia kama amefiwa mara ya pili. Watu wakaanza kutembea na fimbo. Akina mama wakawa wanasindikiza watoto shule.

Naibu wa chifu akaita baraza. Unamjua, yule binti kofia yake haijawahi kupinda. Akasimama akasema daktari wa mifugo anakuja kuchanja mbwa wote uwanja wa kanisa. Kila mbwa aje na kamba, na kila kamba iwe na mtu. Boma moja haliruhusiwi kuwa na mbwa zaidi ya wawili. Na mbwa atakayekutwa hana mtu, chanjo ikishapita, atawekewa nyama. Hakusema nyama gani. Hapakuwa na haja, watu wote waliangalia chini.

Mama Righa akauliza, "Na wale wa marehemu ni wa nani?"

Shemeji, ungeona shingo zilivyogeuka. Baraza zima, kofia na vilemba, wananiangalia mimi. Nikaangalia nyuma kuona nani amekaa nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Nikapiga hesabu ya haraka hata kwa darasa langu la nne. Boma langu wawili. Wanne hawana mtu. Na mbwa wako walikuwa hawajui kukaa na watu wengine, wanajua wewe, jiko lako, na lile kaburi. Nilijua wakianza kuweka nyama wa kwanza kuinusa atakuwa Mweka Hazina, kwa uroho, na wa mwisho Mwenyekiti, kwa heshima, baada ya wengine kushiba. Nilikosa usingizi. Nilikuwa nawawaza mmoja mmoja na hata sijui nilianza lini kuwajua hivyo.

Nikazunguka kijiji. Nikabembeleza, mimi, mdomo wangu huu. Nikamwambia Mama Righa, mbuzi waliobaki wanahitaji mlinzi. Nikamwambia Mutua, bucha yako haina hata paka. Nikaenda mpaka kwa mwalimu wa kanisa, nikamwambia hata Nuhu aliwachukua. Wote walinipa kiti, wote walinipa chai, na wote walisema hapana. Mwanzoni nilidhani wanaogopa kichaa. Mama Righa ndiye aliyenitolea ukweli. Alisema, "Mwadime, si mbwa tunaowaogopa. Ni wewe."

Mimi!

"Moyo wako umekunja ngumi," akasema. "Ulimnunia marehemu mpaka akafa. Hukutasa, hukuitema hasira yako. Nani atachukua kitu chake na hasira yako bado imekaa juu?"

Wewe mambo yetu Wadawida unayajua. Mzee akiweka hasira moyoni, hasira haitulii humo, hutoka ikatembea. Mtoto anakohoa, mvua inapita juu kwa juu kwenda Tsavo, na watu badala ya kuulizana habari ya mawingu wanaulizana nani amenuna. Na kumbe tangu uzikwe kila baya lililotokea kijijini walikuwa wanalileta mlangoni kwangu kimyakimya. Mbuzi wa Mama Righa, mimi. Friza ya Mutua kuzima, mimi. Mwalimu wa kanisa, ambaye hataki kusikia mambo hayo, alisema yeye haamini, ila mguu wake ulianza kumuuma wiki tuliyokuzika. Sikujua nina nguvu hivyo. Ningekuwa nimeshagombea udiwani.

Nikakana. Nikasema sina hasira, nilishasahau. Lakini nilipokuwa nasema, Mama Righa alikuwa ananitazama mdomo, na mdomo wangu wewe unaujua, hauna cha kufichia.

Basi ikawa lazima nitase. Mbele za watu, kwenye boma lako, asubuhi ya chanjo, nipige funda, niseme maneno, nipulize ile hasira itoke, halafu ndipo waone kama kamba zinashikika. Wazee wangetaka pombe ya miwa kama zamani. Naibu wa chifu akasema pombe hapana, hata ya kutema. Mama Righa akaagiza miwa kwa ndugu zake Chawia, ikateremka na gari la kabichi, tukaikamua maji yake tu, matamu kama asali. Mwalimu wa kanisa akasema atakuja, lakini atasimama nje ya ua, kwa kutazama.

Hapo ndipo nikaingia kwenye shida ambayo sikumwambia mtu.

Shemeji, jaribu wewe kupuliza maji huna meno ya juu. Maji ya kutasa yanatakiwa yatoke kama ukungu wa mlima Vuria, mepesi, yasambae. Nilijizoeza nyuma ya zizi. Yangu yalitoka kama bomba lililopasuka. Yanashuka kidevuni, yanaingia shingoni, yanafika kwenye gambuti. Nikabana mdomo kwa vidole, yakatoka puani. Nikajaribu kwa kinywa kidogo, kwa kinywa kikubwa, nimeinama, nimeangalia juu nikakaribia kufa kwa kukabwa. Na ningemweleza nani? Kwamba nashindwa kutema hasira ya meno kwa sababu sina meno? Nikanyamaza. Nikajiambia siku ile Mungu atanipa pumzi.

Siku ikafika. Wako wote hapa: Mama Righa na kilemba chake cha kanisa, Mutua na aproni yake, naibu wa chifu na khaki imepigwa pasi mpaka inakata, wengine wamejaa kwenye ua. Mwalimu wa kanisa nje, kiwiliwili tu, lakini kichwa kimeingia ndani. Mbwa nimewafunga kwa zile kamba za mkonge ulizosokota mwenyewe, wote sita kwenye nguzo za jiko lako. Zile kamba ni nzuri, sikuwahi kukuambia.

Nikasimama kando ya kaburi. Nikasema kwa Kidawida chetu, polepole ili hata Mutua afahamu, kwamba kama nilikuwa na neno na Wakesho nalitoa, kama nilinuna naacha, na atakayechukua cha kwake akichukue kwa amani. Nikapiga funda. Nikapuliza.

Kidevu. Shingo. Koti, lile la arusi yangu. Hata tone moja halikufika kaburini.

Kuku alipita, tukamsikia akipita. Mama Righa akasema chini chini, "Imekataa."

Na pale pale, upande wa kanisa, honi ya gari la daktari ikalia.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakisema kwa mtu. Nilipata hofu, na haikuwa hofu ya watu. Nilidhani wewe ndiye umekataa. Nilidhani ulikufa ukiwa unaamini kwamba yule mzee wa upande wa pili, shemeji yako wa tangu ujana, alikuwa amekuchukia kweli. Tusi langu lilikuwa la kutania, hata ungeamka ungenijibu kwa kubwa zaidi. Lakini hukuamka, na mimi nilibaki nalo, nikawa silali, nikiwapelekea mbwa wako ugali nawaambia wao. Wao hawajibu. Nikasimama pale natiririka kama mtoto aliyemwaga uji, nikafikiri, basi, imekwisha, mbwa watakufa na Wakesho amekasirika.

Nikapiga funda la pili kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Mashavu yakajaa. Na Katibu, yule mwizi, akawa ameng'ata kamba yako nzuri ikakatika. Akaja. Akanipandia kifuani kwa miguu miwili, akaanza kulamba maji ya miwa. Akaanzia shingoni. Akapanda kidevuni, taratibu, kwa bidii, kama mtu anayemalizia sahani, akafika mdomoni, akasimama pale, pua yake kwenye pua yangu. Akanichungulia mdomo. Naapa alikuwa anatafuta yale ya chini.

Nikakuona. Nikakuona chini kwenye vumbi, miguu juu, mahindi kila mahali, kidole kimeninyookea.

Cheko lilianzia tumboni. Nilibana. Macho yakanitoka. Nilibana, Shemeji, kwa heshima ya shughuli, mpaka masikio yakaziba, kisha likalipuka. Nilicheka na mdomo umejaa, na maji yote yale yakatoka kwa mpigo mmoja, yakasambaa, ukungu kabisa, ukungu wa Vuria, jua likapita ndani yake. Yakafika kaburini. Yakafika kwa mbwa wote. Yakafika kwenye khaki ya naibu wa chifu kutoka kofia hadi mkanda, na kwenye kilemba cha Mama Righa, na miwani ya mwalimu wa kanisa huko huko nje alikojificha ikaingia ukungu.

Mama Righa akajipangusa uso kwa kiganja. Akakiangalia kiganja. Akasema, "Imetoka."

Halafu akacheka yeye. Unamjua akicheka, ni kama mtu anayekokota bati. Mutua akafuata, akashika nguzo. Naibu wa chifu alijaribu kukaza uso wa serikali, kofia ikapinda, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe kofia ikapinda, na yeye akaenda nayo. Watu walishikana mabega. Msemaji akaanza kubweka na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya udongo wako, samahani, Katibu yuko mapajani, nacheka na kulia bila kujua kipi kimeanza, na nilikuwa mwepesi, Shemeji, kama gunia lililomwagwa. Nilijua hujakasirika. Mtu aliyekasirika hawezi kupanga kitu kama kile.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ndogo. Mama Righa aliifungua kamba ya Msemaji mwenyewe, akamwambia, "Twende ukawapigie kelele mbuzi wangu." Mutua akamchukua Mweka Hazina, nikamwonya, akasema bucha iliyo na mweka hazina inakuwa kampuni. Naibu wa chifu, amelowa, akanyanyua mmoja wa wale wanachama wa kawaida akamweka ndani ya kofia. Na mwalimu wa kanisa akanyoosha mkono juu ya ua bila kuingia, akasema, "Nipitishie huyo mwingine," kama mtu anayeomba chumvi.

Tukaenda uwanja wa kanisa kwa msafara, tumelowa, tunanukia miwa, nyuki wanatufuata. Daktari alikuwa kijana mpole na sanduku lake la barafu. Aliponiuliza jina la mbwa nikamwambia, "Mwenyekiti." Akauliza, "Wa nini?" Nikamwambia, "Wa hawa." Akageuka akaona safu nzima imekaa kwa utaratibu, kila mmoja na kamba yake na mtu wake, akaandika bila kuuliza zaidi. Mwenyekiti hakushtuka kwa sindano. Aliyeshtuka ni Mutua, aligeuza uso, mtu anayepasua ng'ombe kila kukicha.

Sasa ndivyo tulivyo. Yule mbwa mgonjwa alikutwa amekufa kwenye mkonge, na hakuna mwingine aliyeugua. Fimbo zimerudi kwenye kona. Mbuzi wa Mama Righa wananenepa, au ni yeye anayesema hivyo kwa sababu anapenda kumsifu Msemaji. Mweka Hazina amefukia mfupa ndani ya gunia la makaa la Mutua na Mutua anajifanya hajui. Yule mdogo wa naibu wa chifu anahudhuria baraza, amelala chini ya meza, na watu wameacha kupiga makelele wasimwamshe. Jumapili, ibada ikiisha, wenye mbwa wanapita hapa kwako, si kwa kupangana, wanapita tu, na kamati inakutana. Wanakaa kando ya kaburi kwa zile nafasi zao. Sijui wanajadili nini. Mwenyekiti anasinzia kama wenyeviti wote.

Yeye na Katibu wako kwangu. Mwenyekiti analala mlangoni, naruka juu yake nikienda kukojoa. Katibu analala chini ya kitanda na hakuna kitu changu kinachokaa chini tena, hata kofia nimeitundika. Nawapikia kwenye sufuria yako. Nimejua unavyotoa kupe bila kuacha kichwa, Mama Righa alinionyesha, akasema ulimfunza wewe. Kumbe uliwafunza wengi. Mwanangu amepiga simu kusema atanipeleka tena Mombasa nikapimwe meno mengine. Nimemwambia angoje. Nimezoea uji, na ugali laini hauhitaji jeshi.

Nenda salama, Shemeji. Msalimie dada yako, mwambie nimevaa lile koti na limeharibika kwa kazi nzuri. Ninakuahidi hili, na siahidi ovyo: maadamu niko na miguu, hakuna mbwa atakayetupwa kwenye lami hii akakosa mtu wa kwenda na wilibaro. Nimeshalipaka mafuta gurudumu. Na nikishindwa, naibu wa chifu amesema ana mikono.

Nimebakisha jambo moja, dogo tu, na hili ni haki yangu.

Ile pole. Ulisema utaitoa ukimaliza kucheka. Mimi huwa barazani jioni, mahali pale pale, upande huu wa ua. Sema hata kwa sauti ndogo, nitasikia, siku hizi upande wako hakuna kelele. Lakini kama bado hujamaliza, Wakesho, usiharakishe. Cheka kidogo nisikie, halafu pole utaniwekea mpaka nije.

Shemeji yako,
Mwadime